Kalenda nne ndani ya kampuni moja: niliyojifunza nikipanga ugavi wa dagaa Kigoma

Jumatatu ya tarehe 27 Novemba 2023 stoo yetu ilikuwa na mifuko mitupu elfu arobaini ya nusu kilo, imepangwa karibu kugusa dari, na dagaa wakavu kilo 310. Meneja mauzo alikuwa ameshawaahidi wateja wawili wa Dar es Salaam tani mbili na nusu kabla ya mwezi kwisha, tena ndani ya mifuko ya gramu 200, ambayo hatukuwa nayo hata mmoja. Mhasibu alikuwa amesimamisha masurufu ya ununuzi tangu tarehe 20 kwa kuwa bajeti ya Novemba ilikuwa imekwisha. Na usiku wa siku ile mwezi ulikuwa mpevu, ziwa linang'aa, mitumbwi imevutwa mchangani Katonga na Kibirizi.

Mratibu wa ugavi nilikuwa mimi. Nilikuwa na wiki sita katika nafasi hiyo, baada ya miaka minne ya kusimamia ukaushaji. Mteja mmoja alivunja makubaliano wiki ileile. Wa pili alibaki, lakini akabadilisha masharti: badala ya kutulipa ndani ya siku 14 akasema siku 45. Kwa kampuni ya watu 38 inayonunua samaki kwa fedha taslimu alfajiri, hizo siku 31 za ziada zilituumiza kuliko oda iliyopotea. Jioni nilijifungia ofisini nikalia. Niliona nimewaangusha akina mama wa vichanjani, wanaoanika dagaa wetu, ambao siku zao za kazi zilipunguzwa Desemba yote kwa kosa lililofanyika mezani kwetu.

Kwa asiyeijua biashara hii, nieleze kidogo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta kwenye wavu, na taa hufanya kazi pale tu giza likiwa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa mwanga hutawanyika ziwani kote, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa mazoea ya mialo tunayonunua sisi, yaani fukwe wanakoshushia samaki, mapumziko ni kama mwezi wa kumi na mbili hadi wa kumi na nane, maana yake siku ya 12 hadi ya 18 tangu mwezi kuandama. Zinazobaki ndizo siku za giza, na mali yote ya mwezi hupatikana humo. Ikishapatikana haingoji: dagaa wabichi wa saa kumi na moja alfajiri wasipopanda kichanjani kabla ya jua kukolea, mchana wameshalegea. Kwa mizani yetu, kilo tatu na nusu hadi nne za wabichi hutoa kilo moja ya wakavu. Kwa hiyo fedha, vichanja, vibarua, mifuko na lori vyote huhitajika kwa wingi ndani ya siku zilezile chache, kisha vyote hukaa bure.

Haya yote nilikuwa nayajua. Kila mtu Kigoma anayajua. Nisichokuwa nacho ni njia ya kuyafanya yaingie kwenye karatasi za idara tano.

Kosa la kwanza nililifanya Desemba. Nilitengeneza faili la Eksel lenye kurasa 14. Kila idara ilikuwa na ukurasa wake wa kujaza kila Ijumaa: mauzo, manunuzi, uzalishaji, stoo, fedha. Lilikuwa na fomula nzuri na rangi. Nililituma, nikakumbusha kwenye kundi la WhatsApp, nikakumbusha tena. Hadi mwisho wa Januari nilikuwa nalijaza peke yangu, nikipita mlango kwa mlango kuulizia namba. Miezi miwili ilipotea hivyo. Hata hivyo kule kupita milangoni ndiko kulikonifungua macho, kwa sababu niliuliza swali moja kila mahali: Februari tutauza kiasi gani?

Mauzo walisema tani sita. Uzalishaji walisema tani tano. Manunuzi walisema nne. Fedha walikuwa wametenga za kununulia tatu. Nikaketi na kila mmoja kumuuliza namba yake imetoka wapi. Tani sita za mauzo yalikuwa malengo ya kamisheni, mtu hawezi kuandika pungufu yake akaonekana mvivu. Tano za uzalishaji zilihesabiwa kwa idadi ya vichanja na jua la Julai, wakati Februari Kigoma ni mvua. Nne za manunuzi zilikuwa makadirio ya kweli ukiondoa akiba ambayo mkuu wa manunuzi hakuitaja kwa mtu, maana akiitaja mauzo wataiahidi. Tatu za fedha zilikuwa za Februari mwaka uliotangulia na nyongeza kidogo. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa anajibu swali tofauti.

Kosa la pili ni la Februari, nalo lilinigharimu zaidi kwa sababu lilimuumiza mtu. Niliitisha kikao cha idara zote kila Jumatatu, saa tatu hadi saa sita. Katika kikao cha pili niliziweka namba zile nne ukutani mbele ya Mkurugenzi, nikaanza na ya mauzo. Nilidhani ninaonyesha tatizo. Kumbe nilimvua nguo mwenzangu mbele ya bosi. Kikao kikawa mahakama: mauzo wakawalaumu manunuzi, manunuzi wakawalaumu fedha, mama wa vichanjani akaulizwa habari za mvua kana kwamba yeye ndiye aliyeinyesha. Meneja mauzo alikaa wiki tano akinijibu kwa barua pepe tu, ilhali meza zetu zinatazamana. Nilipomwendea mwishoni kumwomba radhi aliniambia, "Dada, ungeniita pembeni siku moja kabla, ningekuja na namba nyingine mwenyewe." Maneno hayo nimeyashika. Sasa siipeleki namba ya mtu kikaoni bila yeye kuiona jana yake.

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni mama anayetunza stoo, mwenyeji wa Ujiji, tunayemwita Mama Ghala. Ilikuwa Machi 2024, siku chache kabla ya Ramadhani. Niliingia stoo kuhesabu mifuko nikamkuta anatazama kalenda ya ukutani, zile zinazotolewa misikitini, zenye tarehe za kawaida na za Kiislamu pamoja. Pembeni ya tarehe alikuwa ameweka alama kwa kalamu nyekundu na nyeusi, miezi yote nyuma. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Mwanangu, nyeusi giza, nyekundu mwezi. Nisipoweka hivi nitajuaje lini niwe na chumvi na magunia?"

Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa natafuta mpango wa kampuni kwenye kompyuta, nao ulikuwa umetundikwa ukutani hatua 20 kutoka mezani kwangu, umeandikwa na mtu ambaye sikuwahi kumwita kikaoni.

Hapo ndipo nilipoelewa ugomvi wetu. Hatukuwa tunagombania kiasi, tulikuwa tunaishi kwa kalenda nne. Mauzo wanakwenda na mishahara: wateja wao hununua sana kuanzia tarehe 25. Fedha wanakwenda na mwezi wa bajeti, tarehe mosi hadi 30. Uzalishaji wanakwenda na jua na mvua. Manunuzi wanakwenda na mwezi wa angani, wenye siku 29 na nusu hivi. Miezi 12 ya angani ni siku 354, pungufu ya mwaka wa ofisini kwa siku 11, kwa hiyo kalenda hizi haziachani mara moja na kutulia. Zinateleza. Nilirudi nyuma kukagua: kuanzia Novemba 2023 hadi Aprili 2024 mwezi mpevu uliangukia kati ya tarehe 24 na 27 kila mwezi. Yaani kwa miezi sita mfululizo, wiki ambayo Dar es Salaam wanapokea mishahara na kutaka dagaa ndiyo wiki ambayo ziwa halitoi kitu. Novemba haikuwa bahati mbaya. Ingejirudia kila mwisho wa mwezi, na ilijirudia, ila kwa ukubwa mdogo kwa kuwa mteja mmoja alishaondoka. Kufikia Desemba 2024 mwezi mpevu ulikuwa umesogea hadi tarehe 15, giza likaangukia mwisho wa mwezi, na mtu mwenye mpango wa kunakili mwaka jana angekosea upande wa pili.

Tulifuta kikao cha Jumatatu. Badala yake tuna vikao viwili kwa kila mwandamo. Cha kwanza ni mwezi wa kumi na nne, wakati wanunuzi wetu hawana kazi mwaloni na giza linalofuata liko siku nne au tano mbele, muda unaotosha kutoa fedha na kukarabati vichanja. Cha pili ni siku ya tatu ya mwandamo, katikati ya giza, tunapojua tumepata nini kweli. Kila kimoja dakika 45, tumesimama mbele ya ubao. Mama Ghala ndiye anayefungua, anasoma kilichopo stoo. Naona hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika: akianza kusema meneja, wengine huitetea namba yake au kuipinga. Akianza mwenye mzigo, kila mtu anaanzia kwenye mzigo.

Ubao una mstari mmoja tu wa namba kwa kila giza. Namba ni moja, idara zote huiandika daftarini, na ikibadilishwa tunaandika imebadilishwa na nani, lini, kwa nini. Lile faili la kurasa 14 nimebakiza ukurasa mmoja.

Kwa upande wa mauzo tuliigawa namba yao mara tatu: kilichoahidiwa kwa oda ya maandishi, kinachotarajiwa, na kinachotamaniwa. Malengo ya kamisheni yalibaki kwenye cha tatu, na hakuna anayeyagusa. Ununuzi unafuata cha kwanza na sehemu ya cha pili. Ilichukua miezi miwili Mkurugenzi kukubali kwamba kamisheni ihesabiwe kwa mzigo uliofika kwa wakati, badala ya oda iliyosainiwa. Alipokubali, meneja mauzo mwenyewe akaanza kuja kuniuliza giza linaanza lini kabla ya kumpigia mteja. Pia amewazoesha wateja wawili wapokee mzigo tarehe 12 kwa mauzo ya tarehe 25. Dagaa waliokaushwa vizuri wanasubiri, rafu ya dukani ndiyo isiyosubiri.

Fedha ndiko nilikokwama zaidi. Nilimwandikia mhasibu wetu maelezo mara tatu kwamba masurufu yafuate giza, akanijibu mara tatu kwamba utaratibu ni mwezi wa bajeti, na kwa haki yake, mkaguzi humuuliza yeye. Mwishowe nilimwomba twende naye Katonga. Aprili, saa kumi na moja kasoro alfajiri, mvua imetoka kunyesha. Mitumbwi ikaingia, wanunuzi wakajitosa majini hadi kiunoni na fedha mikononi, na ndani ya nusu saa mzigo wote umeondoka. Mvuvi mmoja tuliyemzoea alimtazama mnunuzi wetu, akasema kwa upole, "Kaka, za juzi bado hujanimalizia," akamuuzia mwingine. Mhasibu hakusema kitu hadi tulipofika Mwanga, mjini, kunywa chai. Hapo akachukua kitambaa cha mezani cha karatasi akaanza kuchora.

Utaratibu uliotokana na karatasi ile ni wake, si wangu: theluthi mbili ya fedha hutoka mwezi wa kumi na saba, theluthi iliyobaki hutoka pale tu marejesho ya awamu ya kwanza yamefika na risiti zake, ndani ya siku tano. Mnunuzi asiporejesha hapati. Mkaguzi aliuona, akaukubali. Tangu wakati huo ninaamini kwamba barua kumi za ofisini hazifiki mahali ambapo alfajiri moja inafika. Nimempeleka meneja mauzo vichanjani wiki ya mvua, na nimempeleka mkuu wa uzalishaji Dar es Salaam akaone mteja anavyoufungua mfuko, anautikisa, na kuurudisha kwa sababu ya vichwa vilivyokatika na vumbi chini. Nauli zote hizo ni ndogo kuliko ile mifuko elfu arobaini.

Mifuko yenyewe ilitugharimu shilingi milioni saba na laki mbili. Iliagizwa kwa sababu mzalishaji alitoa bei nafuu kwa wingi, na manunuzi walisifiwa kwa kuokoa fedha. Siku hizi tunaagiza mifuko isiyo na maandishi, kwa saizi mbili tu, na stika tunachapisha hapahapa mjini tukishajua oda ni ya nani. Mifuko kutoka Dar es Salaam hutuchukua wiki tatu hadi nne, stika siku mbili. Kinachochukua muda mrefu kufika kiwe kile kinachofaa kwa kila mteja. Kinachomhusu mteja mmoja kisubiri hadi mwisho. Ukiwa unasindika asali Tabora au chumvi Uvinza nadhani hili litakufaa vilevile.

Kisha ikaja kufungwa kwa ziwa. Serikali ilitangaza kwamba shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zitasitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Siupingi uamuzi huo. Kila mwenye miaka 40 hapa Kigoma ameona samaki walivyopungua. Lakini kwetu ulikuwa mtihani wa mpango uliokuwa na miezi miwili tu ya kuzaliwa.

Sehemu moja tuliifanya vizuri. Tulipozitandaza tarehe zile kwenye kalenda ya Mama Ghala tuliona jambo ambalo tangazo haliwezi kukuonyesha: mwezi mpevu wa Agosti ulikuwa tarehe 19. Ziwa lingefunguliwa siku nne kabla ya mwezi mpevu. Mali ya kueleweka isingepatikana hadi kama tarehe 24. Kwa hiyo akiba yetu ilipaswa kutufikisha siku 101, si 92, na juu yake siku za kukausha, kufunga na kusafirisha. Tukawaambia wateja mapema kabisa, Aprili, kwamba mzigo mpya utafika kwao Septemba. Mteja yule wa siku 45 alitushukuru kwa simu. Agosti alipunguza siku zake hadi 30.

Sehemu ya pili tuliifanya vibaya, na kosa ni langu. Akiba ya kiangazi ililazimika kutengenezwa Aprili na nusu ya kwanza ya Mei, wakati mvua hazijaisha. Vichanja vinavyokausha kilo 1,200 za wabichi kwa siku ya jua hukausha nusu yake mvua inaponyesha. Niliandika ubaoni lengo la tani tano za wakavu, kila siku nikawa nauliza tumefika ngapi, na kwenye ubao wangu hapakuwa na safu ya ukavu. Watu walitoa nilichouliza. Mwishoni mwa Juni tulifungua magunia ya nyuma tukakuta joto ndani, ukungu, na wadudu wameanza. Kilo 640 hazikufaa kwa binadamu. Tuliziuza kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, tukapoteza karibu shilingi milioni kumi na tatu. Mkuu wa uzalishaji alikuwa ameniambia Mei, "Dada, hawa bado wana maji." Nilimjibu tutawaanika tena baadaye. Hatukuwaanika.

Sasa kila kundi linaloingia stoo linatolewa kilo moja, linaanikwa tena siku nzima ya jua na kupimwa upya. Likipungua zaidi ya gramu 30 halipokelewi, hata kama oda iko mlangoni. Mama Ghala ndiye mwenye kauli ya mwisho, na nimeomba iandikwe kwenye mkataba wake wa kazi kwamba hata mimi siwezi kuitengua.

Bado usafiri haujakaa sawa. Malori yanayoleta saruji na bidhaa za dukani Kigoma hurudi na nafasi, na ukimpata mwenye lori kwa wakati bei ni nzuri. Lakini maharage na mahindi ya Kasulu yakianza kushuka, nafasi hiyo inakwisha kwa siku moja na sisi tunakuwa wa mwisho kujua. Reli ni nafuu zaidi, ila masika hatuwezi kuitegemea peke yake, maana njia kati ya Kilosa na Gulwe hukumbwa na mafuriko mara kwa mara. Kwa kikao cha mwezi wa kumi na nne ujao nimemwalika dalali wa malori wa hapa mjini aje asimame nasi mbele ya ubao. Ameuliza kama analipwa posho. Mhasibu ameshaiweka kwenye masurufu.